Nani Aliwauzia Wanawake Pinki?

(Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mkutano wa wazazi na walimu. Waliokosa kufika wameomba kuyasoma, kwa hiyo nayaweka hapa yote kama yalivyotoka mdomoni. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, mabibi na mabwana, habari zenu.

Kabla sijaanza, naomba wanaume wote waliovaa pinki leo wanyooshe mikono. Msiogope, hatuandiki majina. Mmoja. Wawili. Yule bwana wa nyuma kabisa, naona mkono wako umeishia begani. Shati lako ni pinki, bwana wangu, au unataka tuseme ni jekundu lililofuliwa mara nyingi?

Haya, mmecheka. Sasa hebu tukishike hicho kicheko kabla hakijapoa. Tumecheka nini? Shati lingekuwa la bluu tungecheka? Lingekuwa la kijani?

Mpe mvulana wa miaka minne kikombe cha pinki. Wengi watakirudisha: "Hiki cha wasichana." Muulize nani kamwambia. Hajui. Muulize mama yake, hajui. Baba ndiyo kabisa. Kila mtu anajua sheria na hakuna anayemjua aliyeitunga. Mimi nikikutana na sheria ya namna hiyo huwa naanza kupekua, na leo nimewaletea nilichopata. Naomba mbebe swali moja dogo mfukoni, mlitoe kila tukifika mahali papya: nani alikuwa anauza?

Twendeni kwanza Ufaransa, katikati ya karne ya 18, kwenye jumba la kifalme la Versailles. Mlango unafunguka, anaingia bwana mkubwa, upanga kiunoni. Amevaa koti la hariri, suruali inayokomea magotini, soksi ndefu. Koti lile ni pinki, tena limedariziwa maua kutoka kwenye kola mpaka kwenye pindo. Je, kuna aliyecheka? Hakuna. Waliomwona walisoma jambo moja tu: huyu ana pesa.

Maana rangi ilikuwa ghali, ndugu zangu. Leo kitambaa tunakichagulia rangi bila kufikiri. Wakati ule, ukitaka wekundu mzuri usiopauka ulihitaji kochinili, yaani wadudu wadogo wanaoishi juu ya dungusi huko Meksiko. Wanakusanywa kwa mkono, wanakaushwa, wanasagwa, wanavushwa bahari. Kilo moja inataka wadudu zaidi ya laki moja. Au ulihitaji magogo ya mti fulani mwekundu kutoka ng'ambo ya Atlantiki, mti uliopendwa na wafanyabiashara wa rangi kiasi kwamba nchi nzima, Brazili, ikaitwa kwa jina lake. Ukivaa pinki ulikuwa umevaa safari ya meli. Nani angejali kama ni ya kike au ya kiume?

Hapohapo Versailles alikuwepo mwanamke ambaye jina lake lingali limeshikana na rangi hii: Madame de Pompadour, kipenzi cha Mfalme Louis wa 15. Alikuwa mlezi mkubwa wa kiwanda cha vyombo vya kauri cha Sèvres, na mwishoni mwa miaka ya 1750 mafundi wa pale wakafanikiwa kutengeneza pinki nzito, tamu, ambayo baadaye ikaitwa waridi la Pompadour. Sasa kuna mtu hapa anasema moyoni: basi, jibu ndilo hilo, mwanamke! Polepole. Vyombo vile vilikuwa fahari ya watu wa daraja la juu, wake kwa waume. Wanaume wa jumba lilelile waliendelea kuvaa pinki bila wasiwasi. Pompadour aliipa rangi hii sifa ya anasa, na hilo si jambo dogo, ila hakuitenga na wanaume. Na nani alikuwa anauza? Kiwanda. Mfalme mwenyewe alikuja kukinunua mwaka 1759.

Sasa nawaomba mkae vizuri, maana hapa pana jambo ambalo halitajwi sana, na kwangu mimi ndilo kiini cha habari yote.

Kuelekea mwisho wa karne ile, na hasa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, wanaume wa Ulaya waliacha rangi. Waliziacha karibu zote! Wakavua hariri, wakavua darizi, wakavua lesi, wakavua viatu vya visigino, wakavaa suti nyeusi, kijivu na bluu iliyokolea. Mwanamume wa heshima akawa mtu wa ofisi na biashara, mtu anayeonekana hana muda wa kujiremba. Mwaka 1930 mwanasaikolojia wa Uingereza aitwaye J. C. Flügel alilipa jambo hili jina ambalo tunaweza kulisema hivi: Kujinyima Kukuu kwa Wanaume. Alisema, kwa kifupi, kwamba wanaume waliacha kudai uzuri, wakabaki na kudai kuwa na faida.

Mnaona kilichotokea? Tunauliza siku zote pinki ilipelekwaje kwa wanawake. Haikupelekwa. Wanaume walihama nyumba wakaiacha ndani, pamoja na njano, zambarau, maua na riboni. Wanawake walibaki na kabati zima. Halafu ikatosha vizazi vichache tu, watu wakasahau kwamba upande wa pili wa kabati uliwahi kujaa.

Kisha rangi zikashuka bei. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Perkin, akitafuta dawa ya malaria, alipata kwa bahati rangi ya zambarau iliyotoka kwenye lami ya makaa ya mawe. Miaka mitatu minne baadaye zikafuata nyekundu na pinki kali za maabara. Kile kilichokuwa cha mfalme kikawa cha mshonaji wa mtaani. Hilo ndilo nililolihitaji hapo, tusonge.

Tuje kwa watoto, maana najua wengi mmekuja kwa ajili yao.

Kuna picha ya mwaka 1884, huko Marekani. Ndani yake amekaa mtoto wa miaka miwili na nusu. Ana gauni jeupe, nywele ndefu zimeshuka mabegani, viatu vinang'aa, na mkononi ameshika kofia yenye manyoya. Ningewaonyesha bila kuwaambia jina, nyote mngesema ni msichana, tena wa kwao. Mtoto huyo ni Franklin D. Roosevelt, ambaye baadaye aliiongoza Marekani katika vita vikuu vya pili.

Mama yake alikuwa amepotoka? Hapana. Ndivyo walivyovaa watoto wote wa familia za namna ile. Mpaka miaka sita au saba, mvulana na msichana walivaa gauni jeupe. Na sababu yake haina falsafa yoyote, kila aliyelea mtoto hapa ataielewa mara moja: gauni ni rahisi kubadilisha nepi, na kitambaa cheupe unaweza kukichemsha na kukitia dawa mpaka kitakate. Mchemshie mtoto gauni la pinki la enzi zile uone litakavyotoka. Siku mvulana alipovishwa suruali kwa mara ya kwanza na kukatwa nywele, familia ilifurahi kama amefaulu mtihani.

Basi ukaja wakati rangi laini zikaingia kwenye nguo za watoto: pinki, samawati, kijani cha majani machanga, njano ya maziwa. Zilipoingia hazikuwa na jinsia. Wengine walizifuata nywele na macho ya mtoto: macho ya bluu, nguo ya bluu; macho ya kahawia, nguo ya pinki. Ukiniuliza mimi, ndiyo kanuni pekee yenye akili katika hadithi hii yote.

Halafu wafanyabiashara wakaona nafasi. Litoeni swali mfukoni. Mwezi Juni 1918 jarida la Marekani la biashara ya nguo za watoto, *Earnshaw's Infants' Department*, likawaeleza wenye maduka kwamba kanuni inayokubalika ni hii: pinki kwa wavulana, bluu kwa wasichana. Mmesikia vizuri. Pinki kwa wavulana! Sababu yake? Kwamba pinki ni rangi yenye nguvu na msimamo zaidi, na bluu ni ya upole na yenye kupendeza kwa msichana.

Msishangae haraka. Jiwekeni mahali pao. Pinki ni nini? Ni nyekundu iliyotiwa nyeupe. Nyekundu ni damu, ni vita, ni makoti ya askari. Kwa hiyo mvulana mdogo apewe nyekundu ndogo. Na bluu? Tazameni michoro ya makanisa ya Ulaya: Bikira Maria amefunikwa joho la bluu karne kwa karne. Ukitaka kuipa rangi hoja, hoja haikosekani. Leo tunasema pinki ni laini kwa hiyo ya msichana. Wao walisema ni kali kwa hiyo ya mvulana. Rangi ni ileile.

Mwaka 1927 mambo yakachekesha zaidi. Ubelgiji, mwezi Oktoba, Binti Mfalme Astrid alijifungua mtoto wa kike. Gazeti la *Time* la Marekani likasimulia kwamba kitanda cha mtoto kilikuwa kimepambwa kwa pinki, kwa matumaini, maana pinki kule ilikuwa ya wavulana. Mtoto katokea wa kike, na mapambo yameshatundikwa! Wamarekani wakaanza kuulizana: kwani kwetu sisi ni ipi? *Time* ikauliza maduka makubwa ya miji mbalimbali na kuchapisha jedwali la majibu. Filene's ya Boston, Best & Co. ya New York, Halle's ya Cleveland na Marshall Field ya Chicago wakasema pinki ni ya mvulana. Maduka mengine yakasema ya msichana. Nchi moja, mwaka mmoja, na wauzaji wenyewe hawakubaliani.

Hapa nataka niwe mkweli kwenu, kwa sababu hadithi hii huzunguka sana na kila ikizunguka inanona. Mtasikia watu wakisema: "Zamani pinki ilikuwa ya wavulana na bluu ya wasichana, kisha zikabadilishana." Ni tamu, inasimulika vizuri mezani, lakini imenyooshwa kupita kiasi. Katika riwaya ya Louisa May Alcott, *Little Women*, iliyotoka Marekani mwaka 1868 na 1869, wanazaliwa mapacha, wa kike na wa kiume. Mvulana anafungwa riboni ya bluu na msichana ya pinki, na inaelezwa kuwa huo ni mtindo wa Kifaransa. Yaani miaka 50 kabla ya lile jarida la 1918, mpangilio tunaoujua leo ulikuwepo. Mwaka 2012 mtafiti Marco Del Giudice alipekua maandishi mengi ya Kiingereza tangu 1880 na akapinga waziwazi kwamba kuliwahi kuwa na mabadilishano ya nchi nzima.

Kwa hiyo ukweli ni upi? Palikuwa na vurugu. Palikuwa na nyumba hii inasema hivi, duka lile linasema vile, na watu wengi wakivalisha watoto wao rangi yoyote iliyopatikana. Mimi vurugu hiyo naiona nzito kuliko yale mabadilishano. Kama rangi ingekuwa imeandikwa ndani ya damu zetu, wauzaji wa Boston wangehitaji jedwali la gazeti?

Nani akaja kuikata kesi? Mnakumbuka nilisema wanaume waliacha kabati. Sasa tunaingia miaka ya 1950, ambapo mlango wa kabati lile ulifungwa kwa ufunguo.

Vita vimekwisha mwaka 1945. Wakati wa vita mamilioni ya wanawake wa Marekani walifanya kazi viwandani, wamevaa ovaroli, wakiunganisha mabati ya ndege. Wanaume wanarudi, wanazitaka kazi zao. Wanawake wanaambiwa: asanteni sana, nyumbani ndiko kwenu. Na kurudi nyumbani kunahitaji kuvutia. Kunahitaji jiko jipya, pazia jipya, gauni lenye sketi pana.

Tarehe 20 Januari 1953 Dwight Eisenhower, jenerali mzima aliyeongoza majeshi ya washirika Ulaya, anaapishwa kuwa rais. Mke wake, Mamie, anatokea kwenye sherehe ya usiku amevaa gauni la pinki lililotiwa vito vya kioo zaidi ya 2,000. Mama huyu aliipenda pinki kwelikweli, haikuwa ya kuigiza. Alijaza pinki Ikulu mpaka waandishi wakaitania kwa jina la Jumba la Pinki. Na taifa likamfuata: maduka yakauza "pinki ya Mamie", nyumba mpya zikajengwa na bafu za pinki, sinki la pinki, vigae vya pinki, mpaka choo chenyewe pinki. Mke wa shujaa wa vita, mwanamke asiyedai cheo chochote zaidi ya mume na nyumba yake, na rangi yake moja. Hakuna mtaalamu wa matangazo ambaye angeweza kubuni kitu bora kuliko hicho.

Nani alikuwa anauza? Safari hii kila mtu! Wauza vigae, wauza majokofu, wauza nguo, na mpaka wauza magari. Hii ya magari lazima niwasimulie, maana ninaipenda.

Mwaka 1955 kampuni ya Chrysler ilitoa gari la Dodge lililotengenezwa, walisema, kwa ajili ya mwanamke. Jina lake La Femme, Kifaransa cha "mwanamke", ili asiwepo wa kukosea. Pinki na nyeupe. Viti vimepambwa kwa vichipukizi vya waridi. Na ukilinunua unapewa mkoba wa pinki wenye kasha la poda, rangi ya midomo, kitana na kiberiti cha sigara, halafu koti la mvua, kofia ya mvua na mwavuli, vyote vimefanana na viti. Injini je? Ileile ya kawaida. Hakuna aliyefikiri kwamba mwanamke angependa kuambiwa habari za injini.

Unajua walivyopokea? Hawakulinunua. Baada ya mwaka 1956 gari lile likaachwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na La Femme lilijitembeza miaka miwili tu. Nasimulia haya kwa sababu wakati mwingine tunazungumza kana kwamba wanawake walimezeshwa pinki wakiwa wamelala. Walichagua. Bafu walilitaka, gari wakalikataa.

Miaka ya 1970 ikaja na upepo mwingine. Harakati za wanawake zilisema: ukimvalisha binti yako kama pambo, ataishi kama pambo. Wazazi wengi wakaacha nguo za jinsia wakachukua suruali na fulana za rangi ya ardhi kwa watoto wote. Jo Paoletti, mtafiti wa historia ya mavazi katika Chuo Kikuu cha Maryland, aligundua kwamba katalogi ya Sears, yaani kitabu cha bidhaa cha kampuni ya maduka, ambayo ilikuwa ikiingia karibu kila nyumba Marekani, ilipita miaka miwili katika muongo ule bila kuonyesha nguo hata moja ya pinki kwa watoto wadogo. Miaka miwili! Wengine mngedhani hapo mambo yamekwisha.

Hayakwisha, na kilichoyarudisha ni mashine. Ultrasaundi. Katika miaka ya 1980 wazazi wengi zaidi na zaidi walianza kujua jinsia ya mtoto kabla hajazaliwa. Fikirieni maana yake kwa mwenye duka. Zamani mzazi alinunua vitu vyeupe na vya njano, akasubiri. Sasa anajua miezi minne kabla, ana hamu, ana pesa mkononi na hana mtoto wa kumshughulisha. Atapaka chumba rangi. Atanunua kitanda, shuka, kibeba mtoto, na nepi za kutupa, ambazo nazo zilianza kuuzwa za pinki na za bluu.

Na sasa utamu wa biashara wenyewe. Kitanda cheupe cha mtoto wa kwanza kinamfaa wa pili, awe nani awe. Kitanda cha pinki, akizaliwa mvulana, wengi watanunua kingine. Mwenye duka ameuza mara mbili kwa nyumba ileile. Wazazi waliokaa hapa, hamkuwahi kununua kitu mara mbili kwa sababu hiyo? Naona wanaotazamana.

Na bei haikubaki ileile. Mwaka 2015 idara ya kulinda walaji ya jiji la New York ililinganisha karibu bidhaa 800 zilizokuwa na toleo la kike na la kiume. Kwa wastani za kike zilikuwa ghali kwa asilimia 7. Mfano mmoja ulisambaa sana: kibaiskeli cha kusukuma kwa mguu, kampuni ileile, umbo lilelile. Chekundu dola 24.99. Cha pinki dola 49.99.

Najua kuna ndugu hapa wamekaa na hoja yao tangu mwanzo: "Lakini wasichana wanaipenda wenyewe, ni maumbile." Hoja hiyo ilipata nguvu mwaka 2007, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Newcastle walipoona kwamba wanawake walielekea kupenda rangi zenye wekundu zaidi kuliko wanaume. Wakakisia kwamba huenda ni urithi wa mabibi zetu wa kale waliochuma matunda yaliyoiva. Magazeti yakakimbia na matunda. Kilichosahaulika ni kwamba katika utafiti uleule, rangi iliyopendwa na wote, wanawake kwa wanaume, ilikuwa bluu. Na kwamba habari ya matunda ilikuwa kisio tu.

Ukitaka kujua maumbile waulize wachanga. Mwaka 2011 Vanessa LoBue na Judy DeLoache walichapisha jaribio zuri kwa urahisi wake: watoto 192, wa miezi saba mpaka miaka mitano, wakapewa vitu viwili viwili, kimoja cha pinki, wachague. Wachanga hawakujali. Karibu na miaka miwili wasichana wakaanza kuchagua pinki, na kwenye miaka miwili na nusu ikawa wazi. Wavulana nao, kadiri walivyokua, walizidi kuikimbia. Hiyo ndiyo miaka ambayo mtoto anajifunza kwamba yeye ni msichana au mvulana, na anatafuta kwa bidii alama za kundi lake. Na watafiti wengine walipokwenda kwenye vijiji vya Amazon ya Peru, kisiwani Vanuatu na misituni Kongo, mbali na maduka ya vitu vya kuchezea watoto, hawakuukuta mgawanyo huo. Waliukuta kwa watoto wa jijini Brisbane, Australia.

Wavulana kuikimbia: hapo napo pana kisa. Rangi ikishapewa wanawake inageuka fimbo ya kuwapigia wanaume. Kocha mmoja wa mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Iowa, Hayden Fry, aliyekuwa amesomea saikolojia, aliamuru chumba cha kubadilishia nguo cha timu ngeni kipakwe pinki, kuta zote. Aliona kwamba wageni wakikasirishwa na kuta hawatauwaza mchezo. Hilo tunaweza kulicheka.

Lingine hatulicheki. Katika kambi za Wanazi wanaume waliofungwa kwa tuhuma ya ushoga walishonewa kifuani pembetatu ya pinki, ili kila mlinzi na kila mfungwa ajue. Maelfu walivishwa alama ile na wengi wao hawakutoka hai.

Na wanawake wenyewe, hawakukaa kupokea tu. Jimbo la Uttar Pradesh, India, mwaka 2006, mwanamke aitwaye Sampat Pal Devi aliwakusanya wanawake maskini wa vijijini waliochoka kupigwa na waume na kupuuzwa na polisi. Wakavaa sari za pinki wote, wakashika fimbo za mianzi, wakaanza kuwatembelea wanaume wapigaji majumbani kwao. Wakaitwa Gulabi Gang. Gulabi kwa lugha ya kwao ni rangi ya waridi, kama sisi tunavyosema. Mpige mkeo leo, kesho uone pinki inakuja na vumbi barabarani. Je, hiyo nayo ni rangi ya upole?

Nimewachosha, namalizia na yule bwana wa nyuma, maana nilimwanza mimi.

Bwana wangu, kila mwezi Mei nchini Italia wanaume karibu 200, mapaja kama magogo, wanapanda baiskeli wiki tatu nzima, kilomita zaidi ya 3,000, milima ya theluji juu, mabonde chini. Wanaanguka, wanavunjika mitulinga, wananyanyuka wanaendelea. Mashindano yanaitwa Giro d'Italia. Na wanachokigombania, wanachokililia mbele ya kamera wakikipata, ni jezi ya anayeongoza. Imekuwa pinki tangu 1931. Kwa nini pinki? Nilitafuta nikidhani nitakuta maana kubwa. Waandaaji walikuwa gazeti la michezo, *La Gazzetta dello Sport*, na gazeti lao lilichapwa kwenye karatasi ya pinki.

Litoeni swali mfukoni kwa mara ya mwisho. Nani alikuwa anauza?

Gazeti! Asanteni sana. Maswali sasa, na naomba tuanze na mwenye shati.